Postidoki ya uhandisi na sayansi za ukokotoaji: njia nne kwa mtafiti aliyeko Dodoma

Mtu akimaliza uzamivu (PhD) na kuanza kutafuta postidoki, yaani nafasi ya muda ya utafiti baada ya udokta, mara nyingi huanza na jina la nchi. Huyu anataka Ujerumani, yule Japani, mwingine kasikia Kanada wanachukua watu. Baada ya hapo anakesha akiperuzi matangazo, anatuma wasifu uleule kila mahali, na majibu hayaji.

Nadhani kosa liko hapo mwanzoni. Ndani ya Ujerumani peke yake kuna nafasi za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Moja, profesa anakuajiri umfanyie kazi yake. Nyingine, unafika kwa nguvu ya andiko lako mwenyewe. Namna ya kuomba si moja, malipo si yaleyale, hata muda wa kusubiri unapishana kwa mwaka mzima. Anayeomba ya pili kwa barua iliyoandikwa kwa ajili ya ya kwanza hupoteza zote mbili.

Kwa hiyo hapa nchi zitatajwa, ila kinacholinganishwa ni njia. Ziko nne. Msomaji ninayemfikiria yuko Dodoma au jirani: mhadhiri wa CIVE, koleji ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), aliyepata udokta juzi, mhandisi wa maji aliyesoma huku yuko kazini, au kijana aliyemaliza na bado anazungusha barua za ajira.

## Vigezo nitakavyovitumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. La kwanza ni swali: utafiti utakaoufanya ni wa kwako au wa mwingine? Naliweka juu kwa makusudi, kwa sababu mengine yote yanafuata hapo, kuanzia barua utakayoandika hadi utakachokuwa nacho mkononi ukirudi.

La pili ni muda, yaani miezi inayopita tangu uanze kuomba hadi uripoti. La tatu ni fedha, na hapa si kiasi tu, ni jina lake pia: mshahara una bima na mafao, posho ya ufadhili mara nyingi haina. La nne ni mitambo na watu. Anayefanya simulesheni za mtiririko wa maji au kufundisha modeli kubwa za ujifunzaji wa mashine hawezi kuishi kwa kompyuta ya mezani, na hata mitambo ikiwepo, bila mtu wa kumuuliza saa nne asubuhi kwa nini msimbo wake umekwama, mwaka unaisha bure. La tano nimeliita nyumbani: mwajiri, familia, na kitu gani kinabaki hapa ukiwa kule.

## Njia ya kwanza: kuajiriwa kwenye mradi wa profesa

Profesa ameshapata fedha, ameshaahidi atakachofanya, sasa anatafuta mikono. Matangazo ya Ulaya hukusanywa EURAXESS, ya Uingereza jobs.ac.uk, na wa hisabati tumizi hutazama MathJobs na ukurasa wa kazi wa SIAM, chama cha wanahisabati tumizi. Watu wa mahesabu ya namba wana NA Digest, jarida dogo la barua pepe ambalo limekuwepo tangu miaka ya 1980, na hadi leo matangazo mazuri hupita humo.

Swali. Ni la profesa. Ukubali hilo kabla hujaandika mstari wa kwanza. Barua yenye kurasa mbili za ndoto zako inamtia wasiwasi, kwani anachotaka kujua ni kama umewahi kutumia OpenFOAM, programu ya simulesheni za mtiririko, kwa tatizo halisi, kama unaweza kuandika programu inayoendeshwa kwa vichakataji mia kwa wakati mmoja, kama msimbo wako uko GitHub autazame. Mwonyeshe kazi moja inayofanana na yake na umwambie ilikushinda wapi na uliivukaje.

Na tangazo lenyewe lisome taratibu. Chukua la Ujerumani. Ukikuta "TV-L E13, 100%", hiyo ni ngazi ya mshahara wa watumishi wa majimbo na asilimia mia ni kazi ya muda wote. Ikiandikwa 50%, ni nusu mshahara, na nusu hiyo haitakulisha wewe na mtoto. "Miezi 12 kwa kuanzia, uwezekano wa kuongezwa" maana yake ni kwamba fedha ya mwaka wa pili ama haijathibitishwa ama wanataka kukuona kwanza. Kwenye usaili uliza ni ipi kati ya hizo, hawatakasirika. "Hadi nafasi ijazwe" maana yake tuma wiki hii. Na ukiona tangazo lina wiki mbili tu, halafu sifa zinazotakiwa ni za ajabu ajabu, mchanganyiko ambao labda watu watatu duniani wanao, jua huenda mmoja wa hao watatu ameshakaa kwenye kiti. Omba kama una nafasi, lakini usikeshe nalo.

Muda. Mfupi kuliko njia nyingine zote. Usaili kwa Zoom hufuata wiki chache baada ya tangazo kufungwa, na miezi mitatu hadi sita baadaye mtu anaweza kuwa kazini, viza ikienda sawa. (Siku ya usaili usitegemee umeme wa TANESCO wala Wi-Fi peke yake. Simu yenye bando na laptopu iliyojaa chaji viwe mezani.)

Fedha. Ni mshahara kamili, wenye bima ya afya na pensheni. Usipige hesabu kwa kiasi kilichotangazwa: kwa mtu asiye na familia Ujerumani, kodi na michango hula zaidi ya theluthi moja. Uswidi pia huajiri kwa mkataba, kwa kawaida wa miaka miwili hivi, ila wengi wao hupendelea waliomaliza uzamivu ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo anayepanga kwenda huko asikae sana kwanza nyumbani "kupumzika". Chuo cha KAUST cha Saudi Arabia nacho huchukua postidoki wengi wa ukokotoaji, na kina kompyuta yake kuu, Shaheen III.

Mitambo na watu. Hapa njia hii haina mpinzani. Maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, ina Frontier, mashine ya kwanza duniani kutambuliwa rasmi, mwaka 2022, kwamba imevuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani, kimezindua JUPITER mwaka 2025, ya kwanza ya kiwango hicho Ulaya. Kwa Marekani kuna tahadhari mbili: baadhi ya nafasi za maabara za taifa, hasa zile zenye kazi za kiulinzi, huhitaji uraia, na masharti ya viza kwa Watanzania yamekazwa hivi karibuni. Uliza ubalozi kabla hujatumia mwezi mzima kwenye maombi.

Nyumbani. Ndipo inapouma. Ni ajira ya muda wote, kwa hiyo mwajiri wako wa hapa lazima akuachie. Wengi hudhani watapewa likizo ya masomo kama walivyopewa wakati wa PhD, wakati postidoki si masomo, na afisa utumishi atakuambia hivyo. Kinachobaki huwa likizo bila malipo, au kujiuzulu. Kama chuo au serikali ndiyo iliyokusomesha, kuna mkataba wa kutumikia uliousaini. Utoe kwenye faili uusome tena, hasa kipengele cha kurejesha gharama.

Njia hii inamfaa asiye na ajira inayomfunga, anayehitaji mshahara mapema, na anayetaka kuongeza ujuzi wa zana ambazo hapa hazipo. Haimfai sana mwenye swali lake ambalo tayari linamuwasha.

## Njia ya pili: ufadhili unaobeba jina lako

Hapa mfadhili anakupa wewe fedha, na wewe unachagua pa kwenda nayo. Nitazungumzia mifuko mitatu inayopokea Watanzania bila shaka yoyote: Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, Humboldt ya Ujerumani, na JSPS, shirika la kukuza sayansi la Japani.

Swali. Ni lako, na hapa ndipo mtu wa Dodoma ana mtaji ambao mara nyingi hauoni. Tazama bonde la visima la Makutupora, kaskazini mwa mji, ambalo maji yake tunayanywa. Kumbukumbu za kina cha maji cha visima vile, za miaka 55, ndizo zilizotumika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Nature Climate Change, ulioonyesha kwamba maji ya ardhini pale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, si na mvua za kila mwaka. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika Afrika ya kitropiki. Mtu wa ukokotoaji akija na tatizo la aina hiyo, lenye data inayoeleweka na ruhusa ya wenye data, profesa wa Delft au Kyoto hamwoni kama mwombaji. Anamwona mshirika.

Data ikiwa ya watu, kama rekodi za wagonjwa, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuzitoa nje ya nchi kuna utaratibu wake. Maliza hilo kabla ya kuahidi kitu.

Mifuko yote mitatu inahitaji mwenyeji aliyekubali, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubisha hodi kwa barua pepe. Wengi hupotelea hapa. Barua inayoanza "Mheshimiwa Profesa, natumaini u mzima, naitwa fulani, ninatafuta fursa yoyote katika maabara yako tukufu" inafutwa bila kumalizwa. Inayosomwa ina aya tatu. Ya kwanza inasema: nimesoma makala yako kuhusu jambo hili, na njia uliyoitumia inadhani kwamba tabaka la ardhi ni moja, kwenye data yangu ya Dodoma dhana hiyo inavunjika, mchoro nimeambatanisha. Ya pili inasema ni ufadhili gani unaoombwa na tarehe yake ya mwisho, ili ajue humwombi hela. Ya tatu inaomba dakika ishirini za mazungumzo. Basi. Vyeti viache, akivitaka atauliza.

Muda. Mrefu, na kila mmoja una saa yake. Marie Curie hufunga dirisha mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba. Majibu hutoka mapema mwaka unaofuata. Ukijumlisha miezi ya kutafuta mwenyeji na kuandika, unazungumzia mwaka mmoja na zaidi. Humboldt inapokea maombi mwaka mzima na kamati hukaa mara tatu. JSPS huombwa na mwenyeji wako kupitia chuo chake, kwa hiyo tarehe ya mwisho unayoiona mtandaoni si yako. Ya chuo chake huja mapema zaidi.

Kuna pia saa ya tangu umalize uzamivu. Humboldt kwa ngazi ya postidoki inataka usiwe umepita miaka minne, ingawa ina ngazi ya wazoefu hadi miaka kumi na miwili. JSPS ni miaka sita. Marie Curie kwa awamu za hivi karibuni imekuwa ikihesabu miaka minane ya uzoefu wa utafiti, na ina kanuni ya kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoiombea ndani ya miezi 36 iliyopita. Aliyesomea uzamivu wake Ubelgiji na amerudi mwaka jana, Ubelgiji imemfungia mlango kwa sasa. Aombe Uholanzi, aombe Ureno.

Fedha. JSPS hulipa yeni 362,000 kwa mwezi pamoja na tiketi ya ndege. Marie Curie ni mkataba wa ajira na chuo mwenyeji, na ina nyongeza ya kuhama na ya familia. Humboldt ni posho na si mshahara, lakini ina nyongeza ya mwenza na watoto, na inaweza kukulipia kozi ya Kijerumani kabla hujaanza kazi. Kwa mwenye familia nadhani Humboldt na Marie Curie zimefikiria mambo vizuri kuliko nafasi nyingi za miradi.

Ila ushindani, jamani. Mwaka 2024 Marie Curie ilipokea maombi 10,360 na kuchagua watafiti 1,696. Mwaka 2025 maombi yakaruka hadi 17,058. Anayeomba ufadhili huu peke yake na kukaa kusubiri anacheza bahati nasibu.

Mitambo na watu. Utapata kilekile ambacho mwenyeji anacho. Chagua mwenyeji kwa hilo, usichague kwa umaarufu wa jiji.

Nyumbani. Mwajiri wa hapa hulainika kidogo akiona barua yenye jina lako na la chuo chake kwenye ufadhili wa kimataifa. Na kuna jambo ambalo wahadhiri wengi hawalijui: ufadhili wa Humboldt wa ngazi ya wazoefu unaweza kugawanywa vipindi visivyozidi vitatu ndani ya miaka mitatu. Maana yake unakwenda wanafunzi wakiwa likizo ndefu na mafunzo kwa vitendo, unarudi kufundisha, unakwenda tena. Kwa mtu mwenye kiti chake chuoni, sijaona mpango unaokaa vizuri zaidi ya huo.

Inamfaa mwenye swali lake, machapisho machache lakini imara, na subira. Asiye na hata makala moja ya jarida linaloheshimika atangulize hiyo kwanza.

## Njia ya tatu: kubaki barani

Njia hii hudharauliwa, na wanaoidharau wengi hawajaitazama.

Swali. Liko katikati. Maprofesa wenye viti vya utafiti huwa na mada zao, lakini wanakuachia upana. Na maswali yenyewe hufanana na ya kwetu: umeme usiotosha, ukame, migodi, lugha zisizo na data nyingi.

Muda. Miezi kadhaa. Vyuo vya Afrika Kusini hutangaza nafasi zao na za NRF, mfuko wa taifa wa utafiti wa huko, kwa nyakati tofauti za mwaka. Chuo cha Mohammed VI Polytechnic, UM6P, kilichoko Ben Guerir nchini Morocco, hutangaza karibu mwaka mzima. Kinachochelewesha Afrika Kusini ni viza, si chuo. Pasipoti yetu inaingia kule bila viza kwa ziara fupi, na watu wanajidanganya kwa hilo. Kukaa na kufanya utafiti ni viza nyingine kabisa, yenye karatasi za polisi na bima ya matibabu.

Fedha. Afrika Kusini postidoki kwa kawaida si mwajiriwa. Anapewa posho ya ufadhili isiyokatwa kodi, na kwa sababu hiyohiyo hana pensheni wala mafao. Kwa mtu mmoja inatosha kuishi. Kwa familia ya watu wanne mjini Cape Town, kaa na kalamu kwanza.

Mitambo na watu. Kituo cha ukokotoaji mkubwa cha CHPC, Cape Town, kina Lengau, mashine iliyozinduliwa 2016 ikiwa na uwezo wa kuvuka hesabu milioni bilioni moja kwa sekunde. Darubini ya redio ya MeerKAT, dishi 64 jangwani Karoo, inazalisha data kwa wingi ambao umezaa kizazi kizima cha watu wa usindikaji wa mawimbi na ujifunzaji wa mashine. UM6P wana Toubkal, iliyotangazwa 2021 ikiwa na uwezo mara tatu ya huo. Jirani zaidi kuna Kigali: AIMS Rwanda kwa sayansi za hisabati na EAIFR, tawi la ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia), kwa fizikia na ukokotoaji wake.

Nyumbani. Kigali unafika kwa barabara, Singida, Nzega, Kahama hadi Rusumo. Mzazi akiugua, kesho kutwa uko nyumbani. Watu huona aibu kuandika hilo kama kigezo, lakini ndilo linalowarudisha wengi kutoka mbali kabla mkataba haujaisha. Na mtandao utakaoujenga ni wa watu mtakaoandika nao maandiko ya pamoja kwa miaka, kwa wafadhili wanaotaka nchi tatu za Afrika kwenye ombi moja.

Inamfaa anayetaka kuendelea kuwa mtafiti wa Afrika, mwenye wazazi au watoto wa kuangaliwa, na ambaye kazi yake haidai mashine kubwa kuliko zote duniani. Kusema kweli, kazi nyingi hazidai.

## Njia ya nne: kubaki Dodoma na kusafiri kwa vipindi

Hii haina jina la postidoki. Unabaki mhadhiri au mhandisi, unatafuta fedha ya utafiti ya kufanyia kazi hapahapa, na unatoka mwezi mmoja au mitatu kwa mwaka.

Swali. Lako kabisa.

Muda. Hakuna wa kusubiri kuhama, ila fedha zenyewe huja kwa awamu na ukimya katikati.

Fedha. Mshahara unaendelea. Juu yake kuna ruzuku: COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, ina mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia, MTUSATE; ICTP ya Trieste, taasisi aliyoianzisha Abdus Salam mwaka 1964, ina mpango wa washirika unaowalipia watafiti wa nchi zetu ziara kadhaa Italia huku wakibaki na kazi zao, na kwa wanawake kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, ambalo ruzuku yake kwa wanasayansi wachanga imefika hadi dola 50,000, kwa utafiti unaofanyika kwenye chuo cha nyumbani. Dada aliyemaliza uzamivu na ana mtoto wa mwaka mmoja, huo wa mwisho aufuatilie kabla ya mwingine wowote.

Mitambo na watu. Udhaifu mkubwa uko hapa. Intaneti ya vyuo kupitia TERNET imesaidia, na mtu anaweza kutuma kazi zake kwenye mashine ya mshirika aliyeko nje akiwa ofisini Dodoma. UDOM pia ina maabara ya akili unde ya AI4D, iliyoanzishwa kwa fedha za IDRC ya Kanada na Sida ya Uswidi, kwa hiyo si kweli kwamba hapa hakuna kinachoendelea. Lakini idadi ya watu wanaofanya kile unachofanya wewe inaweza kuwa wawili, na mmoja ni wewe.

Nyumbani. Familia ipo, kiwanja cha Ihumwa kinaendelea kujengwa. Na ndiyo hatari yenyewe. Umejifungia asubuhi uandike, mlango unagongwa: "Dokta, samahani, mwenzetu kapata dharura, hebu shika kipindi cha saa nane pale, wanafunzi mia nne tu." Jioni kuna marundo ya mitihani ya kusahihisha, wiki ijayo unakwenda kukagua wanafunzi walioko mafunzo kwa vitendo Manyoni. Postidoki ya kweli hukupa kitu ambacho ruzuku haikupi: siku ambazo hakuna anayekutafuta. Anayechagua njia hii aandikishe kabisa, kwa barua ya mkuu wa idara, siku zake mbili za utafiti kwa wiki. Makubaliano ya mdomo hayavuki muhula.

Inamfaa mwenye mkataba wa kutumikia ambao haujaisha, mwenye data iliyoko hapa, na mwenye ubishi wa kulinda muda wake.

## Gharama ndogondogo na matapeli

Pasipoti ya kawaida ni Sh150,000, na Uhamiaji makao yao makuu yako hapahapa Dodoma. Balozi za Ujerumani na Japani ziko Dar es Salaam, kwa hiyo weka nauli. Treni ya SGR imefanya safari ya viza iwe ya kwenda na kurudi siku moja, ukipata tiketi za saa nzuri. Aliyesomea nje aanze mapema TCU, tume ya vyuo vikuu, kutambulisha shahada yake kama hajafanya hivyo, maana atakaporudi kuomba kazi ndilo swali la kwanza.

Na hakuna nafasi halali ya postidoki inayokutoza ada ya maombi, ada ya usaili, wala "dhamana ya kiti". Ukiombwa hela, funga ukurasa.

## Ukichagua kwa hali yako

Huna ajira na umemaliza ndani ya miaka mitatu: weka nguvu nyingi kwenye njia ya kwanza, huku ukiandika andiko moja la njia ya pili pembeni. Usingoje Marie Curie ndiyo ikutoe. Ongeza UM6P na Afrika Kusini kwenye orodha, kwa sababu mwaka mmoja wa kukaa bila kuchapisha unaonekana kwenye wasifu kuliko jina la nchi uliyokuwa.

Ni mhadhiri wa kudumu na mkataba wako wa kutumikia bado unakubana: njia ya nne sasa, Humboldt ya wazoefu baadaye, ikiwa machapisho yanaruhusu. Kabla ya kuomba chochote cha muda mrefu, mwulize afisa utumishi kwa maandishi kama miaka ya likizo bila malipo itahesabika kwenye kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi. Machapisho utakayorudi nayo yatahesabika. Miaka yenyewe ndiyo ya kuulizia.

Una familia na mtaondoka pamoja: njia ya pili, ukitazama nyongeza za familia kabla ya kiasi cha posho, au njia ya kwanza kwenye nchi ambayo mwenza wako ataruhusiwa kufanya kazi. Uliza suala la mwenza kwenye ubalozi, usiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Unafanya kazi wizarani pale Mtumba au kwenye mamlaka ya maji, una uzamivu, hujawahi kuwa chuoni: usijione huna nafasi. Una data na unajua inavyokusanywa, na profesa anayetengeneza modeli za maji au za trafiki hana hivyo viwili. Tafuta mshirika chuoni hapa kwanza, mwandike makala moja pamoja, ndipo ubishe hodi nje ukiwa na ufadhili wa njia ya pili.

Kazi yako inadai kompyuta kubwa kweli, si kwa hamu tu bali kwa hesabu ulizozipiga za saa za kichakataji: njia ya kwanza, kwenye chuo kilicho jirani na kituo kama Jülich, au ya tatu kupitia CHPC. Hizo hesabu za saa ziweke kwenye barua. Mwombaji aliyeandika "kazi hii itahitaji takriban saa fulani kwenye nodi fulani, na nimeipima kwa mfano mdogo" hupigiwa simu mapema.

Na kama umri wa uzamivu wako unakaribia miaka minne, fungua kalenda leo uone ni madirisha yapi yanafungwa kwanza, uanze na hayo hata kama siyo unayoyapenda zaidi. JSPS na Marie Curie bado zitakuwa wazi kwako mwakani. Humboldt ya ngazi ya postidoki haitakuwa.